Nimeuza masufuria ya mama mkwe kwa kilo

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia usiku huu watoto wamelala, baba yao yuko safari. Naishi Makorora, Tanga, kwenye nyumba ya mama mkwe. Tulihamia hapa miaka minne iliyopita baada ya baba mkwe kufariki. Mama alibaki peke yake, na sisi huko Dar tulishachoka kudaiwa kodi ya miezi sita sita. Mama mkwe wangu ni mtu mzuri, nisimsingizie. Mtoto wangu wa mwisho amenilelea kama wa kumzaa yeye.

Tatizo ni vitu. Nyumba ina vyumba vitatu na kimoja cha uani tunachokiita stoo, lakini stoo yenyewe haiingiliki. Ukifungua mlango vitu vinakuja kukupokea. Kuna TV za chogo mbili, zote mbovu. Kuna deki. Kuna friji uani lilikufa kabla sijaolewa, kuku wanataga juu yake. Kuna baiskeli ya marehemu isiyo na tairi, na sanduku lake la spana, maana alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la katani. Kuna matairi mawili ya gari, na gari katika nyumba hii halijawahi kuwepo. Makopo ya maziwa, makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, madumu yasiyo na vifuniko. Hata mifuko ya rambo, iliyopigwa marufuku tangu 2019, mama anayo, imekunjwa moja moja ndani ya mfuko mwingine.

Sasa mwanangu wa kwanza ni wa kiume. Mwezi wa tisa anatimiza miaka kumi na bado analala chumba kimoja na dada zake wadogo. Nikaona stoo ndiyo iwe chumba chake. Nimekuwa naangalia kwenye simu video za watu wanaopunguza vitu majumbani, wanasema kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima huna haja nacho, kitoe. Nikasema haya ndiyo maneno.

Wiki tatu zilizopita mama alikwenda Pangani kwa mdogo wake, siku tatu. Kijana wa vyuma chakavu akapita na toroli lake, nikamwita. Nilimpa mabati yaliyooza, kitanda cha chuma kilichokatika, mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha meno, na masufuria mawili makubwa yaliyokuwa yamefunikwa gunia nyuma ya mlango, meusi tii. Akapima, akanipa elfu 46. Nilifurahi Bibi, nikanunua ndoo ya rangi nyeupe kwa ajili ya chumba.

Mama aliporudi hakunigombeza. Alisimama mlangoni pa stoo, akaangalia, akasema "Haya, mwanangu," akaenda kutawadha. Siku tano baadaye jirani wa nyumba ya tatu akafiwa. Asubuhi wakaja vijana wawili: "Hodi, tumetumwa masufuria kwa Bi Mkubwa." Mama hakunyanyuka. Aliwaambia, "Mwulizeni mwenye nyumba." Mwenye nyumba, mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake. Salamu anaitikia, wajukuu anacheza nao, lakini mimi na yeye mazungumzo hakuna. Mume wangu nikimpigia anasema mambo ya jikoni ni yenu wanawake. Wifi yangu mkubwa naye kanipigia kuniuliza, ile cherehani ya mama imefika kilo ngapi?

Bibi, nimekosa wapi? Mimi kutwa niko kibandani kwangu Mgandini nauza nguo, lakini miaka minne sijamwona mama akipikia masufuria yale hata mara moja. Na stoo niifanyeje? Mtoto anakua, na mimi mwenyewe sina pa kuweka vyangu. Vyombo vyangu vya kitchen party mpaka leo vimo kwenye maboksi, mengine chini ya kitanda, mengine juu ya kabati, sijavifungua vyote.

Mke wa mtu, Makorora

BIBI ANAJIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale kwa wifi na cherehani. Mara ya pili nilipofika kwa wale vijana waliobisha hodi, kicheko kikaniishia. Na nikwambie mapema nimekaa upande gani: mama mkwe wako na mimi ni rika, na nyuma ya mlango wangu yako masufuria. Kama ulitaka hakimu asiye na ndugu kwenye kesi hii, umebisha nyumba siyo.

Kupunguza vitu si kosa. Stoo unayoieleza imezidi, hilo hata mimi nalikubali. Kosa lako ni Pangani. Ulingoja mwenyewe aondoke. Hata ungeuza kopo moja tu lenye kutu, ungekuwa umeliuza kwa siri, na mama alipoliangalia lile pengo nyuma ya mlango hakuona nafasi imepatikana, aliona kumbe akitoka siku tatu mali yake ina bei.

Halafu hayo ya mwaka mzima. Wanaokufundisha kwenye simu wanasema kweli kwa suruali isiyokuenea na kwa chaja ya simu uliyokwisha kuipoteza. Lakini sufuria la kilo ishirini za mchele halipikiwi mlo wa nyumbani, mjukuu wangu. Linangoja. Linangoja hitima, arobaini, harusi, maulidi ya mtaa. Likikaa mwaka bila kutoka, maana yake mwaka huo hapo mtaani hamkuzika mtu wala kuozesha mtu. Ulimwona lini mama akilipikia? Halipikiwi na yeye. Wanakuja vijana wanalibeba kichwani, linapikiwa uani kwa watu juu ya mafiga matatu, linarudi limesuguliwa kwa mchanga na majivu, na wakati wote huo wewe uko Mgandini. Weusi ule ndio ushahidi kwamba lina kazi.

Na kila mtaa wetu una mgawo wake usioandikwa popote. Nyumba hii inajulikana kwa majamvi, ile kwa masinia, ile ya kona kwa birika kubwa la kahawa. Kwa mama mkwe wako ni masufuria. Mjane ambaye siku hizi miguu haimpeleki kila msiba, masufuria yake ndiyo yalikuwa yanamwendea. Watu wakila pilau wanauliza sufuria la nani, wanajibiwa. Kwa hiyo usinihesabie kilo.

Sasa la kufanya, na ulifanye kesho asubuhi, usingoje mumeo arudi. Mtafute yule kijana wa toroli. Yeye hana tanuru; anauza kwa mwenye mizani, na mwenye mizani anangoja mzigo utimie ndipo uondoke kwenda viwandani. Tena sufuria zima lisilotoboka mara nyingi halipondwi, linawekwa pembeni liuzwe kama sufuria, maana hapo lina bei kuliko chuma chakavu. Wiki tatu ni nyingi, lakini nenda. Angalia chini ya kitako: mwanamke anayeazimisha vyombo huviwekea alama, kidoto cha rangi au herufi. Alama ya mama kaulize kwa jirani aliyefiwa, wao wanaijua. Ukiyakuta, toa bei utakayotajiwa, usilete ubishi wa kibandani.

Usipoyakuta, mtanunua, hata kama ni moja kwanza. Nimesema mtanunua. Huyo mume wa "mambo ya jikoni" alikula ubwabwa wa masufuria hayo siku ya ndoa yake, au nimekosea? Nusu atoe yeye. Na usilinunue kimya kimya mama akalikuta limekaa uani kama limeanguka kutoka mbinguni. Mwingilie mama chumbani, kaa chini, mwambie: "Mama, nimekosa. Sikujua na sikuuliza. Naomba radhi, na naomba twende ukanichagulie lingine." Ukimaliza hapo nyamaza. Usitie "lakini". Usitie habari ya chumba cha mtoto, hiyo ina siku yake. Akikataa kwenda, usimlazimishe, mrudie siku nyingine. Ukitaka kumchukulia doti ya kanga ni vizuri, ila soma maandishi yake kabla hujalipa! Iko ile ya siku zote isemayo "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", ukiipata hiyo umemaliza. Nimeshaona mtu akipeleka msamaha uliovikwa matusi kwa sababu alipenda rangi.

Tuje kwenye makopo, maana najua hapo ndipo roho inakuuma zaidi.

Wewe umezaliwa maduka yamejaa. Mwenzangu huyo, kwa umri wake, alikuwa mama kijana miaka ile baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nchi ilikauka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kanga ukisikia zimefika unakimbia na mtoto mgongoni, na ukifika mbele mwenye duka anafunga dirisha. Tumefua kwa majani ya mpapai. Tumesonga ugali wa unga wa njano, ule tuliouita Yanga, na hakuna aliyeuliza una ladha gani. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, hapo hata mwenye katoni ya ziada ya sabuni halali hakulala. Kopo la maziwa wakati huo lilikuwa kikombe, lilikuwa kipimo cha mchele, lilikuwa koroboi ukilitia utambi na mafuta ya taa. Dumu lisilo na kifuniko lilizibwa kwa gunzi likaendelea na kazi. Mtu aliyepita hapo hawezi kuona kopo tupu kama wewe unavyoliona. Ukimwambia ni takataka, unaizungumzia ile akili iliyomlisha mumeo mpaka akafikia kuoa.

Hata rambo zilizokunjwa usizicheke. Asitoke nazo kwenda sokoni tu.

Lakini hapa namgeukia mwenzangu na yeye asikie, kwa sababu mapenzi ya kopo yana mwisho. Mwaka 2019 dengi ilipozuka Dar es Salaam na huku kwetu Tanga, tuliambiwa na tukaona. Mbu wa dengi hahitaji bwawa. Kopo lenye maji ya mvua linamtosha, ndoo iliyopasuka juu na chini bado nzima inamtosha, na tairi ndiyo nyumba yake ya kifahari, kwa kuwa maji yanayoingia mle hata ukiligeuza hayatoki yote. Anataga, na ndani ya siku kumi hivi una mbu wapya wanaouma mchana kweupe, watoto wakicheza. Baya zaidi, mayai yake yakikaukia pembeni mwa kopo hayafi. Yanaweza kukaa miezi yakingojea mvua nyingine. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe au kiondoke. Matairi yale mawili ndiyo ya kwanza kutoka, na kwa hili huhitaji kubembeleza sana: mwambie mama ni kwa ajili ya wajukuu, atayasukuma mwenyewe mpaka barabarani. Makopo anayoyataka yaingie ndani penye paa, yafunikwe.

Friji lina jambo lake. Waache kuku juu, ila mlango ung'olewe leo. Mtoto akijificha ndani ya friji bovu na mlango ukajifunga, hewa inakwisha na sauti haitoki nje. Usingoje fundi, azima bisibisi kwa jirani. Baadaye mwite fundi friji alinunue kwa ajili ya vipuri. Vivyo hivyo zile TV za chogo, fundi akizichukua ni heri. Usiwape watoto wazivunje kutafuta sumaku, kioo chake kina madini ya risasi.

Baiskeli na sanduku la spana, usiviguse. Sisemi kwa sababu ya kumbukumbu. Vile ni mali ya marehemu, na kama havikugawanywa siku ya mirathi basi ni vya warithi wote: mjane, mumeo na wifi zako. Hata spana moja. Wifi alipokuuliza habari ya cherehani hakuwa anakutania tu, alikuwa anakukumbusha kwamba uani hapo kuna haki yake. Mwite. Mwambie njoo Jumamosi moja tufungue sanduku pamoja na mama. Ataacha kukupigia simu za kejeli, na utakuwa umepata mtu wa kubeba vitu vizito. Mkifungua, karatasi zote zipekuliwe, msichome kitu bila kusoma. Katika ukoo wetu risiti ya kiwanja ilikutwa ndani ya buti la mvua, baada ya kesi ya miaka miwili.

Zile doti za kanga ambazo hazijakatwa, najua zipo ingawa hukuzitaja, hizo nazo pita mbali. Hazikai bure. Ndizo za kumfunika mzazi, za kupeleka msibani, na akifa mwenyewe ndizo watakazogawana wanawake waliomwosha.

Sasa nikugeukie wewe, bibi harusi wa maboksi. Umeniandikia ukurasa mzima wa makopo ya mwenzio, mwishoni kabisa, kama mtu anayetoka mlangoni, ukadondosha kwamba vyombo vya kitchen party vimo chini ya kitanda na juu ya kabati na hujavifungua vyote. Una mtoto wa miaka kumi! Kile kipimo chako cha mwaka mmoja kilikuwa wapi? Una hotpoti ngapi humo, mjukuu wangu, kweli? Pasi ngapi? Maana kitchen party naijua, kila shoga anakuja na seti ya glasi sita na jagi lake.

Anza hapo. Teremsha maboksi yote uani, mchana, mama akiwa amekaa barazani anaona. Kinachokufaa kiingie jikoni kitumike kesho. Hivyo vikombe vya wageni watoto wavinywee chai, vikivunjika vimevunjika. Vinavyobaki, wapo mabinti wanaolewa kila mwezi. Ila chungulia ndani ya boksi kabla hujatoa zawadi, kadi yenye jina la mtoaji hujificha chini ya kile kitambaa, na usije ukampelekea mtu jagi lake mwenyewe. Nguo za watoto zisizoenea wape watu. Wale wanaopita kubadilisha nguo kuukuu kwa mabeseni waache wapite, usije ukatoa nguo ukaingiza plastiki. Akikuona unatoa vyako, na unavitoa bila kumwangalia yeye usoni, baada ya muda atakuita mwenyewe aseme kuna ndoo pale za kutupa. Pengine itachukua miezi. Sisi wazee tunapenda kuombwa polepole.

Limebaki la kijana. Nimetafuta barua nzima pahali ulipomwambia mama sababu ya kuitaka stoo, sikupaona. Hukumwambia, sivyo? Yeye anadhani unasafisha nyumba ya mumewe kwa kuona haya. Kumbe una neno ambalo yeye amefundishwa chuoni kabla wewe hujazaliwa, kwamba watoto wakifika miaka kumi hutenganishwa malazi. Yakishapoa ya masufuria, mwulize tu: "Mama, mjukuu wako anatimiza kumi mwezi wa tisa. Tumlaze wapi?" Usiitaje stoo. Muulize hivyo, unyamaze, umwache ahesabu vyumba mwenyewe. Na akisema sanduku la babu libaki humo chumbani, likubali haraka, kijana ataliwekea godoro pembeni na atajifunza kufungua nati.

Masufuria mapya, au ya zamani ukiyapata, yatahitaji pa kukaa. Kama mtaa wenu una kikundi cha kufa na kuzikana, huwa wanatunza viti, turubai na vyombo. Wifi amdokezee mama, siyo wewe: yakae huko, jina lake liandikwe kwa rangi, na akitaka kuyatoa neno liwe lake.

Na hotpoti moja nibakizie. Langu liliazimwa na jirani kupelekea uji wa mzazi, mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la nne na hotpoti halijarudi.